Upangaji wa Kadi na Uainishaji wa Maana: Mfano wa Bungoma na Kitale

Kila atengenezaye tovuti ya ofisi ya umma hukabiliwa na swali ambalo watunga kamusi walilijua zamani: vitu vipangwe kwa kufuata akili ya nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na leseni za biashara; shule za msingi na vyeti vya kuzaliwa vikabaki mikononi mwa serikali ya taifa. Mgawanyo huo una mantiki yake ya kisheria. Lakini mzazi wa Bungoma anayehitaji cheti cha kuzaliwa ili mwanawe asajiliwe kwa mtihani hatafuti ngazi ya serikali. Anatafuta jambo la mtoto. Akikosa njia, hupoteza nauli na siku ya kazi.

Upangaji wa kadi ni mbinu ya kuuchunguza uainishaji wa watumiaji wenyewe. Kila huduma huandikwa katika kadi yake, kadi huchanganywa, kisha kila mshiriki huzigawa katika mafungu na kuyapa majina. Mtafiti huhesabu ni mara ngapi kadi mbili zimewekwa pamoja. Mwaka 2004 Jakob Nielsen alipendekeza washiriki 15.

Katika Kiswahili, hata hivyo, hapana budi kuwa na hadhari. Nomino kuu hutangulia kivumishi chake. Kwa hiyo "leseni ya biashara" na "leseni ya udereva" huanza kwa neno moja, na mshiriki huweza kuziunganisha kwa kufuata neno hilo, si haja yake. Afadhali kadi zitaje haja: "duka jipya", "kuendesha gari".

Lubukusu na Kisabaoti husemwa pande zote mbili. Lakini Kitale, mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi, ulivuta vibarua wa lugha nyingi. Kwa sababu hiyo, mafungu yaliyopatikana Bungoma hayafai kuhamishiwa Kitale kabla ya kupimwa huko.

Aidha, majina ambayo washiriki huyapa mafungu yao ni data ya kileksika. Yafaa yanukuliwe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa ya Lubukusu, kabla ya kusanifishwa. Mara nyingi humo ndimo limo neno ambalo ofisi imekuwa ikilikosa.