Fahamu: Virusi Viamkavyo Ubongoni Kinga Inapodhoofu
Katika miili ya watu wazima walio wengi duniani, virusi viitwavyo JC hukaa kimya, hasa katika figo, bila ya kumdhuru mtu, maadamu kinga yake ni timamu. Lakini kinga ikidhoofu, ama kwa UKIMWI, ama kwa dawa kama natalizumabu, iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 2005 kwa kuhusishwa na madhara ya virusi hivi na kurejeshwa 2006 kwa masharti makali, virusi hivyo huzishambulia seli za ubongo zitengenezazo utando wa nyuzi za neva, hata mgonjwa akapoteza nuru ya macho, ufasaha wa ulimi na nguvu za viungo. Dawa mahususi ya kuviua haijathibitika. Tegemeo kubwa, nami nalisisitiza kwa dhati, ni kuirudisha kinga: kwa aishiye na VVU, kumeza ARV kila siku bila ya taksiri.