Fahamu Baiskeli za Maumbo ya Pekee na Manufaa Yake kwa Mkazi

Katika kata za Wilaya ya Mpwapwa baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maji, magunia ya karanga na mkaa, na humfikisha mwanafunzi shuleni na mgonjwa kwenye zahanati. Hata hivyo, baiskeli tuliyoizoea imeundwa kwa kudhani kwamba mwendeshaji ana miguu miwili yenye nguvu, mgongo usiouma na uwezo wa kujiweka sawa juu ya magurudumu mawili. Anayekosa kimojawapo hubaki nyumbani, au husubiri mtu wa kumbeba.

Zipo baiskeli zilizobuniwa kwa ajili ya mtu huyo, na katika nchi mbalimbali wapenzi wake hukutana mwishoni mwa wiki ili kuzionyesha, kuzijaribu na kubadilishana ujuzi. Makala haya yanaeleza baiskeli hizo ni zipi, mikusanyiko hiyo ina faida gani, na mkazi wa kata anaweza kujifunza nini.

Aina ya kwanza ni baiskeli ya kulalia. Mwendeshaji hukaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikiwa mbele yake. Uzito wa mwili huenea mgongoni na kwenye makalio, hivyo mikono na kiuno havichoki upesi. Kwa kuwa mwili uko chini, upepo wa mbele huuzuia kidogo. Udhaifu wake ni mlimani, kwa sababu mwendeshaji hawezi kusimama juu ya pedali na kutumia uzito wa mwili wake kusukuma.

Aina ya pili ni ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo wakazi wengi wamekwisha kuiona ikitumiwa na watu wenye ulemavu wa miguu. Aina ya tatu ni ya mizigo, ambayo mijini huitwa guta.

Wengi hudhani baiskeli ya kulalia ni adimu kwa sababu ni duni. Historia inaonyesha vinginevyo. Mwezi Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure aliendesha baiskeli ya namna hiyo, iliyobuniwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Aliipita rekodi ya kilomita 44.247 iliyowekwa na Oscar Egg mwaka 1914. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilitoa kanuni zilizoliweka umbo hilo nje ya mashindano na rekodi zake. Baiskeli iliyofungiwa nje ya mashindano ilikosa nafasi kubwa ya kujulikana, na ufundi wake ukabaki zaidi mikononi mwa mafundi wadogo na wapenzi waliojitolea.

Hapo ndipo umuhimu wa mikusanyiko unapoonekana. Nchini Ujerumani, mji mdogo wa Germersheim ulianza mwaka 1996 kuwa mwenyeji wa maonyesho ya kila mwaka ya baiskeli za pekee. Katika mikusanyiko ya aina hiyo mgeni haangalii tu. Hukaa kwenye kiti, hupimwa urefu wa mikono na miguu, kisha huendesha. Mtu huja na shida ya mwili wake na huondoka akijua umbo linalomfaa. Fundi naye huona kwa macho yake fremu inapochoka na kiti kinapoumiza.

Ubunifu wa namna hiyo upo pia katika ukanda wetu. Mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakazi hutumia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedali, kusafirisha mazao na kuni. Mjini humo imejengwa sanamu kwa heshima ya chombo hicho. Hapa nchini, Bernard Kiwia wa Arusha, aliyeanza kama fundi baiskeli, alitumia vipuri chakavu kutengeneza kifaa cha kuchajia simu kinachozungushwa na gurudumu la baiskeli.

Kwa Mpwapwa, somo la kwanza ni kwamba umbo la baiskeli hutegemea ardhi. Njia zinazopanda kuelekea milima ya Kiboriani zinahitaji gia nyepesi, kwa kuwa mikono ina nguvu ndogo kuliko miguu. Kwenye mchanga wa makorongo, tairi nyembamba huzama. Tairi pana husaidia. Kwenye miteremko, breki moja haitoshi. Baiskeli iliyotolewa kama msaada bila kuzingatia mambo haya huishia kuegeshwa ukutani, na mwenye nayo hurudi kutambaa.

Somo la pili ni vipuri. Fundi wa kata anapotengeneza chombo cha magurudumu matatu, inafaa atumie rimu, spoki, beringi na mnyororo unaouzwa katika maduka ya karibu, ili kikiharibika kitengenezwe papo hapo.

Wakazi wanakumbushwa kuhusu usalama. Baiskeli iliyo chini haionekani kwa urahisi na dereva wa lori au basi. Mwendeshaji afunge bendera ya rangi kali kwenye mlingoti, aweke viakisi mwanga mbele na nyuma, na awashe taa usiku. Chombo cha magurudumu matatu hupinduka kikikata kona kwa kasi, kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kona. Madereva wa vyombo vya moto, wakiwemo wa bodaboda, wanapaswa kuacha nafasi ya kutosha wanapowapita.

Mkazi mwenye ulemavu anayehitaji kifaa saidizi aanzie ofisi ya mtendaji wa kata, ambako ataelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Aidha, kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye wazo la shughuli ya uzalishaji, mfano karakana ya kutengeneza baiskeli hizi, kimwone afisa maendeleo ya jamii wa kata ili kupata maelekezo ya masharti na maombi.

Mafundi na wamiliki wanaotaka kukutana siku ya mapumziko kwenye uwanja wa wazi waombe ruhusa mapema kwa mtendaji wa kata, na watoe taarifa polisi iwapo watatumia barabara. Mkusanyiko kama huo hauhitaji gharama kubwa: kivuli cha mti, pampu, spana, na baiskeli tatu au nne za maumbo tofauti vinatosha kuanzia. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba yule ambaye hajawahi kujisafirisha mwenyewe apewe nafasi ya kukaa kwenye kiti na kujaribu.