Daftari la Tatu: Jinsi ya Kupanga Lebo za Mafaili ya Zana za Kufundishia

Wakati wa kukagua mazoezi ya kufundisha huko Igowole, wilayani Mufindi, tulimkuta mwalimu mwanafunzi aliyekuwa amejiandaa vema kufundisha juu ya mazao ya biashara. Andalio la somo lilikuwa kamili, ubao ulikuwa umegawanywa inavyotakiwa, na kishikwambi kilikuwa na chaji ya kutosha. Picha aliyoikusudia, ya wachumaji wa chai wakiwa na vikapu mgongoni, alikuwa ameipiga mwenyewe. Hata hivyo hakuiona. Aliitafuta katika folda ya Jiografia na Mazingira, akaitafuta katika folda ya Darasa la Nne, na wanafunzi wakaanza kuzungumza. Jioni aliikuta katika folda ya Sayansi, alikoiweka majuma mawili kabla alipokuwa akifundisha kazi za majani ya mmea.

Hatukumlaumu, kwa kuwa kosa halikuwa la uvivu. Picha ile ilistahili kukaa katika Sayansi. Ilistahili pia kukaa katika Jiografia na Mazingira, na katika Hisabati, maana kikapu cha majani mabichi ni mfano mzuri wa kupima uzito, na katika Kiswahili pia kwa ajili ya insha. Folda ni kama sanduku: kilichomo humu hakimo mle. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vianze kukabidhiwa kwa walimu, zana nyingi zilizokuwa zikichorwa kwenye manila zimegeuka kuwa mafaili, na mwalimu asiye na mpango hupoteza zana zake zikiwa mkononi mwake.

Wanachuo wengi hujibu kwamba dawa ni kunakili faili katika kila folda linapohusika. Tufanye hesabu. Picha moja ya megabaiti 3 ikiwekwa katika folda nne itachukua megabaiti 12. Picha 200 za namna hiyo zitachukua megabaiti 2400 badala ya 600. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mwalimu akisahihisha nakala moja, nakala tatu zitabaki na kosa lilelile, na hakuna atakayejua ipi ndiyo sahihi.

Wakutubi walikutana na jambo hili kabla yetu. Katika mpango wa desimali wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, kitabu juu ya kilimo cha chai hupewa namba 633.72, na kitabu juu ya utengenezaji wa chai kiwandani hupewa 663.94. Kitabu kinachoeleza yote mawili hakiwezi kukatwa vipande. Hukaa kwenye rafu moja tu. Lakini katika sanduku la kadi, mkutubi aliweza kukiandikia kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na za mada zake. Kitabu kilikuwa kimoja, kadi zilikuwa nyingi, na kila kadi ilimwelekeza msomaji kwenye rafu ileile. Lebo ya faili ni kadi ya namna hiyo. Linalobaki ni kuamua kadi zenyewe zitunzwe kwa mpango gani, na hapo ndipo penye kazi.

Yafaa mwanachuo aufahamu mpango huo kwa kalamu na madaftari kabla ya kugusa kompyuta. Tulipowapa wanachuo kazi hii, wengi wao walianza na daftari moja lenye safu za jina la faili, lebo ya kwanza, lebo ya pili na lebo ya tatu. Mpango huo unapendeza hadi inapokuja picha ya chai, ambayo yahitaji lebo tano. Je, tuongeze safu mbili ambazo zitakuwa tupu kwa mafaili mengine karibu yote? Na anayetafuta neno "chai" itambidi apitie kila safu, kwa kuwa hajui kama liliandikwa la kwanza au la tatu.

Wengine walijaza lebo zote katika safu moja na kuzitenga kwa mkato. Mpango huu una hila iliyojificha. Mwambie mtu, au kompyuta, atafute "maji" katika safu hiyo, naye atakuletea majira ya mwaka, majina ya wanyama, na Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kwa sababu herufi m-a-j-i zimo katika yote hayo. Katika lugha yetu, ambayo maneno yake hufungamana hivi, mpango huu huleta udhia kila siku.

Mpango unaofaa una madaftari matatu. La kwanza ni la Mafaili: kila faili hupewa namba yake, na mbele ya namba huandikwa jina la faili na mahali lilipo. La pili ni la Lebo: kila lebo hupewa namba, na jina lake huandikwa mara moja tu. La tatu halina maneno yoyote. Lina jozi za namba, namba ya faili na namba ya lebo, basi.

Tuseme faili namba 17 ni ile picha ya wachumaji, 18 ni ramani ya Mkoa wa Iringa, na 19 ni mazoezi ya kujumlisha kilo za majani ya chai. Katika daftari la Lebo, 1 ni Darasa la Nne, 2 ni Jiografia na Mazingira, 3 ni Sayansi, na 4 ni chai. Daftari la tatu litasomeka hivi: 17 na 1, 17 na 2, 17 na 3, 17 na 4, 18 na 1, 18 na 2, 19 na 4. Sasa mwalimu ataka zana za Darasa la Nne zinazohusu chai. Jozi zenye lebo 4 zinatoa mafaili 17 na 19. Jozi zenye lebo 1 zinatoa 17 na 18. Namba iliyomo katika orodha zote mbili ni 17. Picha imepatikana, na hatukuuliza imewekwa katika folda gani.

Tukitaka kuongeza lebo ya tano, ya sita au ya kumi, twaongeza mistari chini ya daftari la tatu bila kuchora safu mpya. Huu ndio msingi wa hifadhidata za majedwali. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, aliueleza mwaka 1970, na programu nyingi za kutunza kumbukumbu hata leo hujengwa juu yake. Mwanachuo atakayeketi mbele ya kompyuta ataunda majedwali matatu badala ya madaftari matatu, fikra haibadiliki.

Hapana budi sheria chache zifuatwe. Jozi moja isiandikwe mara mbili. Namba isiyokuwamo katika daftari la kwanza au la pili isionekane katika la tatu. Faili likifutwa, jozi zake zote zifutwe pamoja nalo, lakini lebo zibaki, maana mafaili mengine yanazitegemea. Tena namba ya faili isitungwe kutokana na jina wala mahali lilipo. Mwalimu akihamisha picha kutoka kwenye kishikwambi kwenda kwenye kadi ya kumbukumbu, mahali pamebadilika lakini picha ni ileile. Abadilishe mstari mmoja katika daftari la kwanza, na jozi zote zitaendelea kuwa kweli.

Wanachuo hutuuliza mara kwa mara kama darasa liwe lebo au liwe safu katika daftari la Mafaili. Sisi twaona liwe lebo, kwa sababu ramani ya mkoa hutumika Darasa la Nne na la Tano pia. Tarehe ya kutengenezwa kwa faili ni jambo jingine: faili lina tarehe moja tu ya kutengenezwa, basi hiyo iwe safu. Kila unaposita, jiulize kama faili moja laweza kuwa na mbili za kitu hicho.

Ugumu mwingine hautokani na majedwali bali na sisi wenyewe. Mmoja huandika "chai", mwenzake "zao la chai", wa tatu "majani ya chai", na daftari la pili hujaa lebo tatu za kitu kimoja. Shule yenye walimu wengi yafaa iongeze daftari la nne la majina mengine, ambamo "zao la chai" huelekezwa kwenye namba 4. Mwalimu anayetunza mafaili yake peke yake hana haja nalo. Akubaliane na nafsi yake tu.

Faida ya kuandika jina la lebo mara moja huonekana linapobadilika. Lebo "mazao" ikitakiwa kuwa "mazao ya biashara", twasahihisha mstari mmoja, hata kama mafaili mia yanaitumia. Lakini tusidhani kwamba mpango mzuri humaliza kila kazi. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika mwaka 2024, ulileta Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili, wakati mafaili yetu ya zamani yalikuwa na lebo moja ya Maarifa ya Jamii. Hapo kubadili jina hakutoshi, kwa kuwa lebo moja inagawanyika kuwa mbili, na kompyuta haijui kwamba habari za Mkwawa zinakwenda upande mmoja na ramani ya Mkoa wa Iringa upande mwingine. Tuliketi na wanachuo, tukalifungua faili moja baada ya jingine, tukaandika jozi mpya kwa mkono. Machache, kama habari za wakulima wa zamani na ardhi yao, tuliyapa lebo zote mbili.