Kipande cha protini kinachounganisha nzi na binadamu

NZI, panya na binadamu ni viumbe wasiofanana. Hata hivyo, wote hutegemea kipande cha protini cha aina moja katika kuamua kiungo kipi kiote wapi mwilini.

Kipande hicho, homeodomeni, kina takriban asidi-amino 60. Hujishikiza kwenye DNA, na hivyo protini yake huziwasha au kuzizima jeni nyingine. Watafiti wa Uswisi na Marekani walikitambua kati ya 1983 na 1984 walipochunguza nzi wa matunda. Kimo pia katika mimea na hamira.

Mwaka wa 1995, kundi la Profesa Walter Gehring mjini Basel liliiwasha ndani ya nzi jeni ya panya iitwayo Pax6, ambayo protini yake ina kipande hicho. Macho yaliota mahali pasipo pake. Nayo yalikuwa macho ya nzi, si ya panya.

Kwa binadamu, hitilafu katika jeni iyo hiyo humfanya mtoto azaliwe bila duara ya rangi inayozunguka mboni. Mwanga humuumiza, na presha ya macho humnyemelea. Kipimo cha jeni humwezesha daktari kuthibitisha chanzo mapema na kuyachunga macho hayo.