Bolillo, mkate wa Mexico wa kumtuliza mtoto na kulisha familia

Tetemeko la ardhi likishapita Mexico City na watu kurudi ndani, si ajabu bibi akaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha mikate. Humpa mjukuu kipande cha bolillo na kumwambia ale ili mshtuko umtoke.

Desturi hiyo inajulikana nchi nzima, na Wamexico wenyewe huitania. Mkate si dawa ya hofu. Hata hivyo, mtoto aliyeketi karibu na mtu anayemwamini, akitafuna taratibu, hupata nafasi ya kutulia. Mzazi akumbuke jambo moja tu: asubiri kilio kiishe kwanza, kwa sababu mtoto anayekula huku analia anaweza kupaliwa.

Mkate wa kila siku

Bolillo ni mkate mdogo unaoshikika kwa mkono mmoja. Umechongoka ncha zote mbili na juu una mpasuo. Ganda lake ni kavu, ndani ni laini. Hutengenezwa kwa unga wa ngano, maji, hamira na chumvi.

Ngano ililetwa Mexico na Wahispania katika karne ya 16. Kabla ya hapo chakula kikuu kilikuwa mahindi, na hadi leo tortilla, chapati nyembamba ya mahindi, haikosekani mezani. Bolillo haikuiondoa, bali ilipata nafasi yake pembeni.

Asubuhi, wafanyakazi wa Mexico City hununua barabarani guajolota, yaani bolillo iliyojazwa tamale, donge la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke. Huteremshia kwa atole, uji mwepesi wa mahindi. Mchana bolillo hupasuliwa na kujazwa maharage, parachichi, yai au nyama, ikawa torta.

Hakuna kutupa

Kwa kuwa haina mafuta wala sukari ya kutosha kuilainisha, bolillo hukauka upesi. Ya jana husagwa kuwa chenga za kupakia nyama kabla ya kukaanga, au hutiwa kwenye mchuzi wa mole ili uwe mzito. Wakati wa Kwaresima hupikwa capirotada: vipande vya mkate mkavu hupangwa kwa tabaka pamoja na karanga, zabibu kavu na jibini, kisha humwagiwa sharubati ya sukari guru yenye mdalasini na karafuu.

Jaribu nyumbani

Mlo rahisi zaidi kwa watoto ni molletes, na mikate midogo ya dukani inafaa.

1. Kaanga kitunguu, ongeza maharage yaliyobaki jana, uyaponde yawe mazito.
2. Pasua mikate kwa urefu, chota sehemu ya nyama ya ndani ili maharage yapate pa kukaa.
3. Paka maharage, nyunyiza jibini iliyokwaruzwa.
4. Weka kwenye oveni, au kwenye kikaangio chenye mfuniko kwa moto mdogo, hadi jibini iyeyuke.
5. Juu weka kachumbari ya nyanya, kitunguu na majani ya giligilani.

Pilipili iwekwe kando, wakubwa wajiongezee wenyewe. Zile chenga ulizochota zikaushe, uzihifadhi kwa ajili ya samaki au nyama ya kesho.