Meza yako ya kazi yasema nini juu ya moyo wako?

JE, mpenzi msomaji, uliiacha meza yako ya kazi katika hali gani ulipotoka kazini wiki hii? Uliiacha imepangwa, au ni mlima wa karatasi, vikombe vyenye makapi ya chai na kalamu zisizoandika?

Huenda ukaliona swali hili kuwa dogo. Lakini kwa mama mmoja mshonaji wa mtaa wa Majengo, Mombasa, si dogo hata kidogo. Nusura fujo ya mezani imkoseshe riziki.

Kwa miaka mingi mama huyu alisifika kwa kutunza kazi za watu. Kila kitambaa alikikunja, akakifunga kwa uzi na kukibandika karatasi yenye jina la mwenyewe na vipimo vyake. Kisha mumewe akaaga dunia. Alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, alirejea kibandani, lakini hakuwa yule wa zamani.

"Nilikuwa nikipokea kitambaa naweka tu, cha leo juu ya cha jana," asimulia. "Nikikaa kwenye cherehani nauona ule mrundo, nguvu zaniishia. Nafunga, nakwenda zangu nyumbani."

Siku moja akajiwa na mteja aliyetaka gauni la bintiye, harusi ikiwa imebakia siku mbili. Kitambaa kilitafutwa hadi magharibi. Kilipopatikana hakikuwa kimekatwa, na panya walikuwa wamekwishakitoboa. Mama alinunua kingine kwa pesa alizoweka za karo ya mwanawe.

Kipi kilitangulia?

Je, fujo ndiyo iliyomvunja moyo, au moyo uliovunjika ndio uliozaa fujo? Ukweli ni kwamba viwili hivi hulishana. Kupanga ni kukata shauri: hiki kitupwe, hiki kiwekwe, hiki kirudishwe kwa mwenyewe. Mtu aliyelemewa na majonzi hushindwa kukata shauri hata katika jambo dogo. Basi vitu hulundikana, na kila akivitazama hukumbushwa kazi ambazo hajazifanya. Hapo hulemewa zaidi.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 2011, Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba vitu vingi vikiwa mbele ya macho kwa pamoja, hung'ang'ania nafasi katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona. Haishangazi basi kwamba mtu huweza kuchoka kabla hata hajaanza kazi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Darby Saxbe na Rena Repetti walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu waume na wake 60 wa Los Angeles. Wake walioeleza nyumba zao kuwa zimejaa vitu na kazi zisizokwisha walizidi kuwa na moyo mzito kadiri siku ilivyosonga. Hata kotisoli, homoni inayohusiana na msongo wa mawazo, haikushuka mwilini mwao jinsi inavyopaswa kushuka kufikia jioni.

Si kila fujo ni mbaya

Hata hivyo, tusiharakishe kuwahukumu wenzetu. Albert Einstein alipofariki mwezi wa Aprili 1955, meza yake ilipigwa picha ikiwa imetapakaa karatasi. Na mwaka wa 2013, Kathleen Vohs wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waligundua kwamba watu waliokaa katika chumba chenye fujo walibuni mawazo mapya zaidi kuliko waliokaa katika chumba nadhifu. Lakini waliokaa penye unadhifu walitoa pesa zaidi za kusaidia wengine, na wengi wao walipendelea tufaha kuliko peremende.

Basi pima hivi: ukiulizwa faili au kitambaa fulani, wakitoa mara moja? Ukikaa mezani wapata hamu ya kazi, au moyo wakuanguka? Ukiwa huoni shida, hiyo ni tabia yako tu. Ukiona shida, anza kupanga.

Wajapani wana utaratibu wa hatua tano, ulioenea kutoka viwandani hadi katika hospitali za Afrika Mashariki: kuchambua, kupanga, kusafisha, kuweka kanuni moja, na kudumisha. Zingatia kwamba kuchambua ndiko kunakotangulia. Kununua rafu mpya ili upange takataka ni kupoteza pesa.

Siku ya wifi

Aliyemwokoa mshonaji wetu ni wifi yake. Alifika Jumamosi moja na mkeka, wala hakumkemea. "Wifi, leo hatushoni," alimwambia. "Leo twachambua."

Wakagawa mafungu matatu: kazi za kushona, za kurudishwa, na vipande vya kutupa. Chini kabisa ya mrundo wakakuta kanzu. Ilikuwa ya marehemu, imeshonwa upande mmoja tu.

"Hapo ndipo nilipojua kwa nini sikutaka kuigusa ile meza," asema mama.

Walilia pamoja. Kisha akaimaliza kanzu ile na kumpa shemeji yake. Tangu siku hiyo, kila jioni hutumia dakika tano kuisafisha meza kabla ya kufunga. Huzuni haijamtoka, lakini wateja wamerudi, na karo imelipwa.

Kwa hivyo, ukiona meza ya mwenzako iliyokuwa safi imeanza kujaa, usimcheke. Muulize hali. Na ikiwa hiyo meza ni yako, na usingizi na hamu ya chakula vimekupotea kwa majuma mawili au zaidi, usione haya kumwona daktari. Vinginevyo, kesho Jumatatu anza na kona moja tu. Haba na haba ndiyo iliyoijaza meza, na haba na haba ndiyo itakayoipunguza.