Udongo wa Bustani Zetu: Nani Aupime, na kwa Kipimo Gani?

Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi, ulioitwa siku zile Elisabethville. Moshi wake ulichukuliwa na pepo zitokazo kusini-mashariki, ukaangukia ng'ambo ya pili. Huko Penga Penga miti ilikufa, ardhi ikabaki uchi. Pamoja na moshi zilishuka shaba, zinki, risasi, kadimi, koboliti na arseniki. Moshi hupita, vyuma haviozi. Hukaa juu juu ya udongo, pale pale mama apandapo lengalenga.

Basi wataalamu wa udongo wana shauri kubwa kati yao. Wa kwanza wasema: tupime chuma chote kilichomo, tukilinganishe na mpaka ulioandikwa katika sheria, kikizidi, shamba lisilimwe. Neno hilo ni wazi, na hakimu aweza kulitumia. Wa pili wajibu kwamba Katanga si Ulaya. Hapa vipo vilima vyenye shaba tangu kuumbwa kwa dunia, ambavyo watafutaji wa madini walivitambua kwa maua yaotayo juu yake. Je, navyo vihukumiwe? Tena si chuma chote kiingiacho katika mmea. Udongo ukiwa na uchachu, kadimi na zinki hunyweka upesi. Ukitiwa chokaa, hushikwa. Lakini arseniki yaweza kulegezwa na chokaa hiyo hiyo, hata dawa ya chuma kimoja ikawa madhara ya kingine.

Waholandi walikwisha kubishana hivyo. Mwaka 1980, katika mji wa Lekkerkerk, zilionekana nyumba zilizojengwa juu ya mapipa ya sumu, na watu wakahamishwa. Sheria yao ya 1983 ilitaka ardhi isafishwe hata ifae kwa kila kazi. Gharama ziliwalemea, katika miaka ya 1990 wakakubali kupima kwa matumizi, kiwanja cha kiwanda kisidaiwe usafi wa bustani. Ni hesabu nzuri kwa nchi yenye ramani zinazofuatwa. Kwetu nani aahidi kwamba kiwanja hicho hakitajengwa nyumba kesho? Viwanja vya bei rahisi hununuliwa na wenye watoto wengi.

Wa tatu ni waganga, nami nawaona wenye haki zaidi. Mwaka 2009 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na machimbo na matanuru walikuwa na koboliti kupita yote iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida. Kwa hiyo waganga wataka upimwe mwili wa mtu, na vumbi la nyumbani, wala si shamba peke yake. Mtoto hutambaa chini, kisha hutia mkono kinywani.

Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, yawadai wachimbaji watengeneze ardhi wanayoiharibu. Lakini sumu ya Penga Penga ilianza kuanguka miaka tisini kabla yake, na kampuni ile ilitwaliwa na Serikali mwaka 1967. Nani alipe?

Wakati shauri likiendelea, wazazi waoshe mboga kwa maji mengi, maana sehemu ya chuma ni vumbi lililoshika majani. Nao mabwana shamba wamejaribu kupanda Penga Penga majani yaitwayo Microchloa altera, katika udongo uliotiwa mbolea na chokaa. Hayo hayaliwi, kazi yake ni kulishika vumbi lisipeperushwe mpaka milangoni.